Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na COSTECH: vidonda vya moto tunavyo, sato tunao, utafiti wa kuotesha ngozi uanze hapa hapa

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Barua hii naielekeza kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, uongozi wa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), pamoja na wote mnaokaa Dodoma kupanga bajeti. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu hii ya kupitia ngazi, mganga mfawidhi, halmashauri, mkoa, inachukua muda na mara nyingi inaishia kwenye faili, na wagonjwa ninaowasemea muda ndo kitu ambacho hawana. Mimi ni muuguzi, nipo wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, sehemu kubwa ya kazi yangu ni majeraha ya moto. Sio mtu wa maabara, ila nasoma sana haya mambo na nauliza madaktari wanaoyajua, na ombi langu kwenu ni moja. Utafiti wa seli shina, zile seli mama zinazozaa seli nyingine mwilini, na wa vifaa vya kibayolojia vya kurudisha ngozi uanze nchini kwetu, kwa hela yetu wenyewe, na uanze na watu walioungua.

Naomba kwanza niwaeleze dresingi inavyokuwa, maana najua wengi wenu hamjawahi kusimama pale. Mtoto wa miaka mitatu au minne kamwagikiwa na uji, au maji ya ugali yaliyokuwa yanachemka kwenye mafiga, kaungua kifua, tumbo na mapaja. Dawa tuliyonayo ni ile krimu nyeupe ya silva, tunapaka, tunaweka gozi, tunafunga bandeji, na kesho au keshokutwa lazima ifunguliwe. Hapo gozi imeshagandia kwenye kidonda. Tunailoweka kwa maji ya dripu, tunavuta kidogo kidogo, na kile kingozi kipya chembamba kilichokuwa kimeanza kuota pembeni kinang'oka pamoja nayo, damu inatoka upya, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Ketamini, dawa ya usingizi, ikiwepo tunashukuru Mungu, isipokuwepo tunamshika. Kuna watoto wakisikia tu magurudumu ya toroli la dresingi kwenye korido wanaanza kutetemeka, toroli bado liko mbali na hata haliji kwao. Mama anaambiwa asubiri nje, anasimama mlangoni kaziba masikio kwa kanga.

Hiyo ni kwa kidonda cha juu juu ambacho kitapona chenyewe. Kilichoingia ndani hakiponi chenyewe, kinahitaji ngozi, na ngozi inachunwa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe na kupandikizwa. Akiungua asilimia 15 ni sawa, paja lipo. Akiungua asilimia 50 au 60 utachuna wapi? Tunasubiri paja lipone ndo lichunwe tena, na wakati tunasubiri kidonda kiko wazi, mwili unapoteza maji na protini, halafu inafika siku unafungua bandeji unakuta rangi ya kijani na ile harufu tamu tamu, na sisi tuliozoea tunatazamana bila kusema kitu kwa sababu tunajua ni bakteria wa sudomonasi na tunajua kinachofuata. Wanaopona nao wanapona na mikunjo, kidevu kimeshikana na kifua, vidole vimejikunja ngumi, kwapa halifunguki. Mtoto wa hivyo shule anaiacha, wenzake wanamkimbia. Na kuna ndugu zetu wenye kifafa ambao wanaangukia motoni hawajui hata wamefikaje pale, hao wanaungua mpaka kwenye mfupa na mara nyingi wanaletwa wakiwa wamechelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria moto unaua watu kama 180,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na theluthi mbili ya vifo hivyo viko Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia. Kwa hiyo ugonjwa ni wa kwetu. Lakini ukiuliza maabara zinazoutafutia dawa ziko wapi utatajiwa Boston, Modena, Perth.

Mnaikumbuka Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Lori la mafuta limepinduka, watu wamejaa na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100, wengine wengi papo hapo na wengine siku zilizofuata wakiwa vitandani Muhimbili. Taifa likaomboleza siku tatu. Wenzetu wa Kenya walishapitia hayo Sachangwan mwaka 2009, na Nairobi pale Sinai mwaka 2011. Baada ya Morogoro tuliongea sana kuhusu watu kuchota mafuta, na ni sawa tuliongea, ila sikusikia tukiongea kuhusu ngozi. Sasa angalieni Australia. Tarehe 12 Oktoba 2002 mabomu yalilipuka Bali, Indonesia, wakafa watu 202, na majeruhi 28 wakapelekwa Royal Perth Hospital kwa daktari Fiona Wood. Yule mama alikuwa kwa miaka kadhaa anafanya utafiti pale pale kwao wa kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, kutenganisha seli zake na kuzinyunyizia juu ya kidonda kwa kifaa cha kupulizia. Kati ya hao 28 walikufa watatu. Sisemi kupulizia seli peke yake ndo kuliwaokoa, walikuwa na ICU, damu, wauguzi wa kutosha na vyumba safi. Ninachosema janga lilimkuta mtu ambaye ameshajiandaa, na utafiti ulikuwa umeshafanyika kabla ya watu kuungua.

Naomba niieleze kidogo sayansi yenyewe kwa sababu nahofia ikisikika seli shina watu wanafikiria mambo ya sinema, wakati hii ina umri wa karibu miaka 50. Mwaka 1975 kule Marekani James Rheinwald na mwalimu wake Howard Green walifanikiwa kuotesha seli za ngozi ya binadamu kwenye sahani ya maabara. Kabla ya hapo ukizitoa mwilini zinadumaa na kufa. Wao waliziweka juu ya tabaka la seli za panya zilizopigwa mionzi ili zisiongezeke, zibaki zinawalisha tu hawa wageni, na seli za binadamu zikashika, zikagawanyika, zikaungana zikawa kama karatasi. Ni kitalu kabisa, unasia mbegu kidogo kwenye tuta moja na baada ya wiki tatu nne una miche ya kujaza shamba. Kipande cha ngozi cha ukubwa wa stempu kinatoa ngozi ya kufunika mwili mzima. Mwaka 1983 wakaletwa Boston ndugu wawili, watoto wa miaka 5 na 6 kutoka Wyoming, wameungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Kwapani na sehemu chache zilizobaki ndo zilitoa mbegu. Wakaoteshewa ngozi, wakapandikizwa, wakaishi. Mwaka huo 1983 sisi tulikuwa kwenye foleni za unga na sabuni, hakuna anayewalaumu wazee wetu kwamba hawakuwa kwenye safari hiyo. Leo hatuna tena sababu hiyo.

Hizo karatasi ni nyembamba mno, tabaka la juu tu, zinachanika, na tabaka la chini la ngozi ambalo ndo lenye uimara halipo. Hapo ndo wakaingia watu wa vifaa. Daktari wa upasuaji John Burke na mhandisi Ioannis Yannas walitengeneza kiunzi kutokana na kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ya kano za ng'ombe iliyochanganywa na kitu kinachotoka kwenye gegedu la papa, juu yake wakaweka utando wa silikoni. Kina vitundu vitundu, ukikiweka kwenye kidonda kilichosafishwa seli za mgonjwa na mishipa yake ya damu vinaingia humo ndani, vinajenga tabaka jipya la chini taratibu na chenyewe kinayeyuka, baada ya wiki mbili tatu unabandua silikoni na kuweka ngozi nyembamba juu. Walitangaza matokeo mwaka 1981 na mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiidhinisha 1996. Kano za ng'ombe jamani. Nchi hii ni kati ya zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na kano za machinjioni kwetu zinaishia kuwa supu.

Na hayajaishia hapo. Mwaka 2015 mtoto wa miaka 7, wa familia ya wakimbizi wa Syria, alilazwa Bochum, Ujerumani, na ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ibanduke kama ya malengelenge, alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi na madaktari walishafika hatua ya kumpa morfini tu. Michele De Luca na wenzake wa Modena, Italia, walichukua kipande cha ngozi yake cha sentimita chache, wakairekebisha jeni iliyoharibika, yale maelekezo ya kurithi ndani ya seli, wakaotesha, na wakamrudishia asilimia kama 80 ya ngozi ya mwili wake. Alirudi shule. Kwenye ngozi yake pia waligundua kitu kikubwa, kwamba ngozi yote hiyo baada ya miezi ilikuwa inaendeshwa na idadi ndogo tu ya seli shina za kweli, zile nyingine zote ni za kupita. Kumbe unachotakiwa kulinda kwenye maabara ni hizo chache.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo limenifanya nikae niandike. Sato.

Mwaka 1971 sato alipelekwa jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, akitokea Ivory Coast, awe samaki wa kufugwa. Ni samaki wa Afrika, wa bonde la mto Nile. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mji wa Fortaleza kwenye jimbo hilo hilo, daktari Edmar Maciel na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ceará waliangalia ngozi za sato zinazotupwa baada ya minofu kuchunwa wakajiuliza kama zinaweza kufunika kidonda cha moto. Wakazipima wakakuta zina kolajeni nyingi, zina unyevu, na zinavumilia kuvutwa. Wanazisafisha, wanaziloweka kwenye dawa na gliserini, zinapigwa mionzi ya gama kuua vijidudu, zinakaa kwenye friji mpaka siku ya kazi. Walifanya majaribio kwa hatua, maabara kwanza, halafu wanyama, halafu watu, mpaka majaribio makubwa ya wagonjwa zaidi ya 100 waliolinganishwa na wale wa krimu ya silva, ile ile ninayopaka mimi. Ngozi ya sato ikishashika kwenye kidonda cha juu juu inakaa pale pale mpaka kidonda kipone chini yake, inabanduka yenyewe. Dresingi zikapungua sana, maumivu yakapungua, dawa za maumivu zikapungua.

Waheshimiwa, dresingi zikapungua. Mkishawahi kumshika mtoto mikono wakati mwenzako anavuta gozi mtaelewa kwa nini hayo maneno mawili nimeyasoma nikakaa kimya muda mrefu.

Hata madaktari wa mifugo California waliitumia mwanzoni mwa 2018 kwa dubu walioungua nyayo kwenye moto wa msituni. Dubu wa California amepata ngozi ya sato, mtoto wa Sengerema hajapata.

Kwa kidonda kilichoingia ndani kabisa sato hatoshi, hapo bado unahitaji ngozi ya mgonjwa au ya kuoteshwa, na sitaki mtu asome barua hii aende akabandike ngozi ya samaki wa sokoni kwenye jeraha la mtoto. TAFADHALI msifanye hivyo. Ngozi ambayo haijatakaswa ina bakteria wa kumuua mtu, na ndo maana nasema utafiti, nasema maabara.

Na msione ni jambo dogo la maskini. Iceland kuna kampuni inaitwa Kerecis, ilianzia mji mdogo wa wavuvi, inatengeneza dresingi kwa ngozi ya samaki aina ya chewa wa bahari ya baridi. Mwaka 2023 ilinunuliwa na kampuni ya Denmark kwa bei iliyofikia dola bilioni 1.3. Ngozi ya samaki hiyo! Sisi tuna ziwa, serikali yenyewe imehimiza vizimba vya sato, tuna viwanda vya minofu ya sangara Mwanza ambavyo ngozi kwao ni mabaki. Sato wetu wengi tunamla mzima na ngozi yake, najua, mimi mwenyewe namla hivyo, ila mahoteli na wanaochuna minofu wanazitupa. Na ngozi ya sangara je, ina kolajeni kiasi gani, inashika kwenye kidonda au inaoza? Swali hilo ni la Mwanza, na watu wa kulijibu wapo mji mmoja: hospitali ya Bugando na chuo chake cha tiba, NIMR wana kituo, TAFIRI wa utafiti wa uvuvi wana kituo, wote ukisimama Capri Point na kuangalia huku na huku unawapata kwa bajaji. Sijui kama wameshawahi kukaa meza moja kuongelea ngozi, na ninyi ndo mnaweza kuwaita.

Mtaniambia mionzi ya gama tutaitoa wapi. Tanga miaka ya 90 ilitumika mionzi hiyo hiyo kuhasi madume ya mbung'o, wakawa wanarushwa kwa ndege juu ya Unguja wiki hadi wiki mpaka wale wa porini wakakosa kuzaliana, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Wataalamu wa dunia nzima bado wanafundishwa mfano huo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ambalo lilishirikiana nasi kwenye kazi ile limesaidia nchi nyingi za Asia na Amerika ya Kusini kuanzisha benki za tishu zinazotakaswa kwa mionzi, na Tume yetu ya Nguvu za Atomiki ipo Arusha. Mtu aandike tu barua, jamani, aombe.

Kuna faida nyingine ya samaki ambayo wazungu hawataifikiria kwa ajili yetu. Kwenye nchi nyingi dresingi ya kibayolojia inayotumika sana ni ngozi ya nguruwe. Mwambie baba wa Kiislamu wa Ujiji, au Msabato wa Musoma, kwamba unamwekea mwanae ngozi ya nguruwe, ndo utajua mazungumzo yanaishia wapi. Sato hana shida na yeyote. Ana magamba, hata Msabato asiyegusa kambare anamla. Na huu utando wa ndani wa kondo la nyuma nao umetumika kufunika vidonda vya moto kwa zaidi ya miaka 100, unahitaji mama apimwe VVU na homa ya ini na aombwe ridhaa, na hapo pia panahitaji heshima maana kuna makabila kondo linazikwa kwa taratibu zake na bibi ndo msimamizi. Anayejua kuongea na bibi huyo ni muuguzi wa hapa, sio mtafiti anayekuja kwa miezi sita akaondoka na sampuli.

Hizo sampuli ndo zinanipeleka kwenye upande wa pili wa seli shina, ambao ni kuufanya ugonjwa uonekane maabara. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za kawaida za panya akazirudisha utotoni kwa kuingiza jeni nne tu, mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu, na 2012 akapata Nobel. Seli ikisharudi hivyo unaweza kuielekeza iwe ya moyo, ya ini, ya damu, ya ngozi, ukauangalia ugonjwa wa mtu kwenye sahani na ukajaribu dawa bila kumgusa mgonjwa. Sasa fikirieni keloidi. Yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, yanawasha, yanauma, ukiyakata yanarudi makubwa zaidi. Wenye ngozi nyeusi ndo wanayapata zaidi ya watu wengine wote, na karibu kila wodi kuna mgonjwa aliyepona moto akabaki na keloidi shingo nzima. Wanyama wa maabara hawapati keloidi, panya hapati, nguruwe hapati, kwa hiyo njia ya kuielewa ni seli za binadamu, kuotesha ngozi yenye keloidi kwenye kiunzi na kuona ni nini kinakataa kusimama. Seli hizo zinatakiwa zitoke kwa nani kama sio kwetu, na zinatakiwa zikuzwe wapi? Chumba kinachootesha ngozi ya kutibu ndo chumba hicho hicho kinachoweza kuotesha ngozi ya kuchunguza, incubeta ni ile ile, fundi ni yule yule.

Mkiiacha hii kazi ifanyike kwingine tunajua inakujaje. Tiba ya selimundu (sikoseli) ya kurekebisha jeni kwenye seli shina za damu iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ugonjwa ambao watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao ni wa Afrika. Namshukuru sana kila aliyesimama mpaka Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikaanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu, maana upandikizaji wa uloto ni tiba ya seli shina hasa, na mmeonyesha inawezekana Tanzania, na madaktari wetu. Kwa hiyo akija mtu kwenye kikao akasema seli shina sio ya saizi yetu, mwambieni apande gari aende tu hapo Dodoma akaone.

Jambo lingine, na hili ni la TMDA hasa. Kwenye stetasi za WhatsApp na vikao vya biashara za mtandao vimejaa vipakiti vinavyoitwa vya seli shina, vya tufaha, vya zabibu, unaweka chini ya ulimi, eti vinatibu kisukari, presha, saratani, na makovu ya moto. Seli ya tufaha haiwezi kuwa ngozi ya mtu. Ukiimeza inasagwa tumboni kama chakula kingine. Nimeona familia ya mgonjwa wangu inauza mbuzi kununua vitu hivyo huku mtoto hana hela ya dripu ya albumini. Sheria ya kuvikamata vitu vinavyotangazwa kama dawa bila usajili mnayo, ninachoomba ni muwaambie wananchi kwa sauti, redioni, kwa Kiswahili cha kawaida.

Na msifikiri uongo ni wa wauza vipakiti tu. Mwaka 2011 pale Karolinska, Sweden, hospitali ya chuo ambacho ndo kinatoa Nobel ya tiba, daktari Paolo Macchiarini alimwekea kijana wa Eritrea aliyekuwa anasoma Iceland koo la hewa la plastiki lililolowekwa kwenye seli za uloto wake, dunia nzima ikapiga makofi. Plastiki ile haikugeuka kuwa koo. Kijana alikufa Januari 2014, na wengine wengi waliowekewa nao wakafa. Walioonya walikuwa madaktari wenzake waliokuwa wanaona mafaili, na mwanzoni hao walioonya ndo wakageuziwa kibao. Juni 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Kwa hiyo ninapoomba utafiti naomba na kamati za maadili zenye meno, majaribio ya wanyama kabla ya watu, fomu za ridhaa zinazosomwa kwa mgonjwa kwa lugha yake, iwe Kisukuma iwe Kikurya, na muuguzi au daktari mdogo anayesema hapa kuna kitu hakiko sawa alindwe, asihamishwe kituo.

Najua jibu la hela. Najua malaria, najua vifo vya akina mama, najua na mkakati wa nishati safi ya kupikia na naushangilia, mitungi ya gesi ikifika kila jiko na mafiga yakapungua wodi yangu itapungua watu. Lakini mkakati unaishia 2034 na watoto wanaungua usiku huu. Halafu sio kila kitu ni mashine za mabilioni. Mwaka 1970 daktari Zora Janžekovič wa Maribor, mji wa kawaida wa Yugoslavia ya zamani, ndo aliyefundisha dunia kwamba kidonda cha moto kikichongwa, nyama iliyoungua ikaondolewa, mapema ndani ya siku chache na kuwekwa ngozi hapo hapo mgonjwa anapona haraka, wakati huo kila mtu alikuwa anasubiri wiki na wiki kama tunavyosubiri sisi sasa. Alichokuwa nacho ni kisu, damu, na ujasiri wa kuandika matokeo yake. Sisi hata kuchonga mapema bado hatujafika sehemu nyingi kwa sababu thieta ni moja, damu haitoshi, na hakuna cha kufunikia ukishachonga. Hicho cha kufunikia ndo ninachokiomba.

Naona iwe hivi. Mwaka wa fedha ujao COSTECH itangaze fungu la utafiti wa majeraha ya moto peke yake, sio kuchanganywa na magonjwa mengine maana likichanganywa tunamezwa. Fungu la kwanza liende Mwanza kwa ngozi ya sato na sangara, kutakasa, kupima, na majaribio ya wagonjwa yanayosimamiwa na NIMR. Muhimbili ijengewe chumba kimoja cha kuotesha seli za ngozi, chumba kimoja chenye hewa safi, incubeta mbili tatu, tanki la naitrojeni, na muwapeleke vijana wetu watatu wanne Modena au Fortaleza wakajifunze kwa mkataba wa kurudi, na wakirudi wakute umeme haukatiki na vimiminika vya kuoteshea havijakwama bandarini, kwa sababu hapo ndo maabara zetu nyingi zinafia, kifaa kipo kimefunikwa kitambaa kinasubiri kemikali ya laki tatu. Suala la sheria ya kuchangia viungo na tishu nalo mtuambie limefikia wapi, maana bila hiyo benki ya ngozi ya watu waliofariki haiwezi kufunguliwa hata friji likiwepo. Na wauguzi wa wodi za moto tuwekwe kwenye hizo kamati toka siku ya kwanza. Sisi ndo tunafungua bandeji.

Wakuu wa nchi za Afrika walishakubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti na sisi tulikuwepo. Bunge la bajeti linaanza Aprili. Hotuba ya Wizara ya Afya huwa naifuatilia kwenye redio nikiwa zamu, safari hii nitakuwa nasikiliza kama kuna benki ya ngozi na kama kuna kiasi kimeandikwa mbele yake. Kama hakuna, naomba Mheshimiwa mbunge yeyote aliyesoma mpaka hapa asimame aulize kwa nini hakuna, na jibu lirekodiwe kwenye Hansard ili sisi wa wodini tujue tunawajibuje akina mama.

Ni mimi,
Muuguzi, wodi ya upasuaji, Kanda ya Ziwa